Sauti Zilizotoka Nyuma

Mnarani, Kilifi
Jumatano, baada ya adhuhuri

Kaka yangu Kalume,

Kabla hujaendelea na mstari wa pili, nakuomba uinuke ufunge mlango. Haya ninayokuandikia ni siri yako na yangu. Usimwonyeshe mtu, usimsimulie mwenzako pale kazini hata kwa mzaha, na usiisome barua hii kwa sauti. Zaidi ya yote, usimsomee Mama. Najua wewe ndiwe msomaji wa barua zote za nyumbani, na Mama akija Mariakani akaona bahasha yenye mwandiko wangu ataketi, ajifunge leso vizuri, aseme, "Haya, nisomee mwanangu." Safari hii mwambie ni karatasi za kazini. Utanisamehe kukufundisha uongo. Ukifika mwisho utaelewa.

Shikamoo, kaka. Hujambo wewe, na wifi yangu Caroline hajambo? Wale pacha wameacha kukohoa? Na ule mguu ulioangukiwa na kreti ya maziwa, bado unauburura au sasa unakanyaga sawasawa? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Nakula ninachopewa. Ukikuta mwandiko umepinda usidhani naumwa. Ni woga, na woga mimi nimekua nao, wewe wajua.

Nianze na kazi yenyewe, maana nadhani hukuielewa vizuri. Pasaka ulipowaambia watu wa Jilore kwamba dada yako anaandika muziki, walicheka wakauliza muziki unaandikwaje na mtu asiyejua kupiga hata debe. Kampuni yetu ya Malindi ni ndogo, watu watatu tu juu ya duka la vitambaa: Bi. Bridgit, mwenye kampuni. Kioko, fundi wa sauti, kijana aliyezaliwa hukohuko kwenu Mariakani. Na mimi, karani, tangu mwezi wa Julai mwaka jana. Tunautafuta muziki unaopigwa mbele ya watu, si ule wa kufungiwa chumbani, na tunaurekodi palepale unapopigwa. Kuutafuta ndiko kugumu. Nilikuwa nikishinda kwenye simu na makatibu wa kwaya, machifu na wenye harusi, niulize nani anapiga wapi Jumamosi. Siku moja tulifunga safari mpaka Kilifi kwa sababu ya tarumbeta, tukakuta ni mkutano wa siasa na tarumbeta lenyewe ni moja, na mwenyewe amelala.

Kioko harekodi kama wengine. Husimamisha mlingoti katikati ya watu, na juu yake maikrofoni tano zinazotazama pande zote, tatu za mbele na mbili za nyuma. Kila moja ina njia yake ndani ya mashine. Baadaye, ofisini, anazitoa kwenye spika tano zilizokizunguka kiti kimoja. Ukikikalia kile kiti, ngoma inakuzunguka kama uko uwanjani: mbele wanaimba, ubavuni wanacheza, nyuma mtoto analilia njugu. Kioko husema rekodi za kawaida zinakuchungulisha ngoma dirishani, lakini yake inakuvuta ndani na kukuketisha.

Kazi yangu uwanjani ilikuwa daftari. Kila njia ina mstari wake, na mstari lazima useme sauti iliyomo ni ya nani. Mwenye jina lake daftarini ana haki ya kupewa nakala moja ya alichoimba. Asiye na jina hana. Bi. Bridgit alinifundisha pia kwamba kosa la daftarini halifutwi. Linapigwa mstari mmoja, usahihi unaandikwa juu yake, mwandishi anatia saini na shahidi anatia yake. Nililipenda sana sharti hilo. Mtu mwoga hupenda masharti.

Agosti ya mwaka huo tulikwenda Jilore, kwenye sherehe ya kufungua madarasa mapya. Wewe ulikuwa zamu. Marvin Ngala alipiga na bendi yake, na kikundi cha Mama kikaalikwa kumwitikia. Wakaimba "Sihami".

Wewe sihitaji kukueleza "Sihami" ni wimbo wa nani. Ulikuwa darasa la sita na mimi nikibebwa mgongoni, alipokuja yule bwana na kamba ya kupimia, akamwambia Mama atafute pa kwenda. Husema alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha maji, kisha akashika jembe akaendelea kupalilia, na kabla ya kumaliza shamba wimbo ulikuwa umekamilika. Na ada ya kikundi chao waijua: mwenye wimbo hasimami mbele. Husimama nyuma kabisa, nyuma hata ya watazamaji, akautupa mstari juu ya vichwa vya watu, na aliye mbele anaudaka. Hawe, bibi yetu, alituambia kwamba wimbo ukitoka mbele unamsifu anayeimba, ukitoka nyuma unawasukuma watu. Basi siku ile Marvin alikuwa jukwaani na kipaza sauti chake, na Mama alikuwa nyuma ya watu wote, kando ya matangi ya maji, akimtupia.

Kioko hakuijua ada hiyo. Kwake mwimbaji ni aliyeshika kipaza sauti. Aliniambia njia tatu za kwanza ni bendi, ya nne na ya tano ni watu. Daftarini, kwenye mistari hiyo miwili ya mwisho, pakaandikwa "kelele za hadhira".

Mambo yalilala hapo hadi wiki mbili zilizopita. Kampuni moja ya ng'ambo yenye kumbi za kusikilizia muziki iliisikia ile rekodi, ikaitaka. Kioko akakaa chumba cha spika kuitengeneza. Akaniita, akanikalisha kwenye kile kiti, akaniuliza kwa mzaha mbona kelele za Jilore zinaanza kabla ya mwimbaji. Akasema amerekodi hadhira nyingi lakini hajaona hadhira inayomkumbusha mwimbaji maneno. Halafu akazima spika za mbele, akaacha za nyuma peke yake. Kaka, nilimsikia Mama akivuta pumzi nyuma ya kisogo changu. Niligeuka. Nakuapia niligeuka kumtazama, nikaona ukuta na magodoro tuliyoyabandika kuzuia mwangwi.

Nikamweleza Kioko ile ada. Alijipiga kofi la paji la uso, akasema kosa ni lake, ndiye aliyenitajia kwamba nyuma ni watu tu. Akaenda kwa Bi. Bridgit palepale kusema daftari lisahihishwe. Alirudi akaanza kukunja nyaya ambazo zilikuwa zimekunjwa.

Alhamisi Bi. Bridgit aliniita mimi. Alinimiminia chai mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na chai ile ilinitisha kuliko maneno yake. Alisema wenye zile kumbi wanataka mtunzi mmoja, jina moja, uso mmoja wa kubandika ukutani, si kijiji kizima. Wale kina mama walikuja kushangilia, wakashangilia, wakala wali wao wakaenda zao, nani aliwadhulumu? Njia za nyuma zitapunguzwa mpaka zibaki mvumo, kama bahari ukiwa mbali nayo, na wimbo utaandikishwa kwa jina la Marvin. Kinachokosekana ni hati ya kuthibitisha daftari, na mwenye daftari ni mimi. Akanisogezea kalamu. Saini tu, mwanangu, akasema, hutaki kuthibitisha mwandiko wako mwenyewe?

Nikaomba niisome kwanza. Alicheka, akasema hawa waliosoma ni taabu, hata tikiti ya choo wataisoma. Nikaisoma. Kifungu cha sita kinasema kwamba tangu siku ya kutiwa saini, "Sihami" haiimbwi hadharani na kikundi kingine chochote bila idhini ya mtunzi. Nilikisoma mara tatu. Maana yake, Mama akitaka kuimba wimbo wake pale Jilore, kwenye harusi ya jirani au juu ya kaburi la Baba, atamwomba Marvin ruhusa.

Nilisema nitaleta jibu Jumatatu. Ndiyo ushujaa wote niliokuwa nao siku ile.

Nikampigia Marvin. Alianza kwa kelele na vicheko, "Aa, karani wetu, leo umetukumbuka!" Nilipomtajia kifungu cha sita akanijibu kwamba, dada yangu, nyuma hakuna anayeonekana, ndiyo dunia. Nikamuuliza nani alimfundisha kuudaka ule mstari. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ni Mama yetu, Mama Jumwa kama anavyomwita, aliyemfundisha, tena kwa viboko vya mwiko, ila nisimwingize kwenye maneno, yeye ana watoto wa kulisha. Nikamwambia Mama Jumwa naye analo la kulinda. Akakata simu.

Jumatatu asubuhi nilifika ofisini kabla ya mwenye duka la chini kufungua. Nikafungua daftari. Juu ya "kelele za hadhira" nikapiga mstari mmoja, kwenye njia ya nne na kwenye ya tano, nikaandika juu yake: "Mtunzi na mwanzishi wa wimbo, Jumwa Lewa wa Jilore, pamoja na kikundi chake." Nikatia saini. Kioko alipofika akatia yake ya shahidi. Kisha, kwa kuwa jina lake sasa limo daftarini, nikaandika hati ya kutoa nakala, na Kioko akanakili diski moja yenye njia zote tano, nzima, bila kupunguzwa hata mvumo. Nikaipokea kwa niaba ya Jumwa Lewa. Sikuiba kitu, kaka. Nimefuata masharti neno kwa neno. Mtu akikuambia dada yako ni mwizi, mwambie akaonyeshwe ukurasa.

Bi. Bridgit alipoingia nilimpa daftari mkononi, na ile hati ya kuthibitisha juu yake, bila saini. Nikashika ukingo wa meza. Aliutazama ukurasa kwa muda mrefu. Akaniuliza nimeupata wapi moyo huo, mimi niliyekuwa nikiomba ruhusa hata ya kufungua dirisha. Nikasema sijui, lakini saini sitii. Akasema atapata karani mwingine wa kutia. Nikasema karani mwingine hakuwa Jilore. Akasema atawaita polisi, diski ni mali ya kampuni. Nikamwonyesha sharti la nakala, kwa mwandiko wake yeye. Akalitupa daftari mezani, akasema ataniharibia jina kutoka Malindi hadi Mombasa, sitapata kazi hata ya kuhesabu mayai. Nikasema, haya.

Sikujua kama nina neno "haya" la namna ile ndani yangu. Hapana, Bi. Bridgit. Andika unavyotaka, ita unaowataka, sauti ile si kelele na mimi sitasema ni kelele. Nilisema hivyo, kaka, na mlango ulikuwa wazi na wauza vitambaa walikuwa wakisikia ngazini.

Ndipo akauliza huyu Jumwa Lewa ananihusu nini, maana mimi pia ni Lewa. Nikamwambia ni mama yangu mzazi. Akanitazama kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Akasema alikuwa Jilore siku ile, amesimama ubavuni mwangu, na aliniona nikimsalimu yule mama kama mgeni. Mwana gani anamsalimu mama yake kama mgeni? Nikaweka ufunguo na simu ya ofisi juu ya meza, nikatoka.

Jibu ambalo sikumpa ninakupa wewe, na hapa ndipo paliponifanya nikuombe ufunge mlango.

Halikuwa kosa la Kioko. Yeye alisema tu kwamba nyuma ni watu. Mkono ulioandika "kelele za hadhira" ni wangu, na nilipoandika nilikuwa nikimsikia Mama waziwazi, nikijua kila neno kabla halijamtoka. Sikukosea. Niliandika nikijua.

Nilikuwa na mwezi mmoja kazini. Siku ya kwanza Bi. Bridgit alikuwa amenionya kwamba pale si ofisi ya jamaa, karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kuandika binamu zake. Na vijana wa bendi walikuwa wakiwacheka kina mama, miguu yao ya vumbi la mahindi na leso zisizolingana, wakisema hiki kikundi kimetoka kuvuna au kuvamia. Nami nilicheka nao kidogo. Mama alipopita nilimwamkia, "Shikamoo mama," hivyo hivyo tu, kama unavyomwamkia mtu mzima yeyote njiani, na nikainamia daftari langu. Alisimama kitambo kidogo. Akatazama viatu vyangu vya kazi, akamtazama Bi. Bridgit, akafahamu. Akaniitikia, "Marahaba, binti," akaenda zake kusimama nyuma. Alinisaidia kumkana, kaka. Alifanya hivyo kwa upole kama anavyofanya mambo yake yote.

Watu walipotawanyika, Kioko akifunga vyombo, Mama alirudi kwenye meza yangu peke yake. Hakunilaumu. Aliweka kidole juu ya daftari, palepale penye mistari miwili ya mwisho, ingawa hajui kusoma na hakujua anagusa nini. Akaniuliza, "Umeniandika?" Nikamjibu, "Nimekuandika, Mama."

Tangu siku ile amewaambia watu wote Jilore kwamba yumo kitabuni, kwa mkono wa mwanawe. Nilipokwenda mwezi wa Septemba, jirani mmoja alinishika mkono akanishukuru. Sasa unajua kwa nini usimsomee.

Kioko nilimweleza kweli kabla hajatia saini ya shahidi, kwa sababu sikutaka aishuhudie kweli yangu huku amebeba uongo wangu. Alisema, "Kumbe nimebeba mzigo na mwenyewe yupo ananitazama!" Akatia saini. Akasema nitamlipa kwa mahamri na mbaazi mwaka mzima. Bado yuko ofisini, anasema hawezi kumwachia mtu mwingine ule mlingoti, na njia za nyuma hazijapunguzwa hata kidogo mpaka leo.

Mjumbe wa zile kumbi anafika Malindi Jumatatu ijayo, saa nne asubuhi, kusikiliza. Kioko atamkalisha kwenye kile kiti na kumfungulia njia zote. Nami nitakuwapo. Bi. Bridgit akinifungia mlango nitasimama ngazini na wauza vitambaa. Naogopa, sikufichi. Lakini nimegundua kwamba woga haunizuii kutembea, unanifanya nitembee vibaya tu.

Kabla ya hapo, Jumapili, nitakwenda Jilore kumwambia Mama mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba siku ile sikumwandika, na kwamba sasa nimemwandika. Akitaka kunifukuza, anifukuze. Akitaka kuja Malindi kusimama mbele ya yule mjumbe na kuimba, nitambebea leso yake. Nakuomba uwe hapo Jumapili hiyo. Si kwa kunitetea. Mimi nikishindwa kumaliza sentensi, wewe umalizie, usije ukaifanya nzuri.

Pamoja na barua hii utapokea kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha bluu. Ndani ni ile diski, hati yake ya kutolewa, na picha ya ukurasa wa daftari. Usikipeleke Jilore, huko ndiko watakakotafuta kwanza. Kiweke kazini kwako, kwenye kabati lako la chuma, na ufunguo usimpe mtu. Usijaribu kuisikiliza peke yako. Kwenye redio yako ya spika moja hutamsikia Mama vizuri na utanilaumu bure.

Msalimie sana wifi, uwabusu pacha mashavuni, na umpe pole yangu yule mzee jirani yenu aliyefiwa na ng'ombe. Mwambie Caroline ile kanga aliyoniagiza nimeinunua, nitakuja nayo.

Kunipata ni hivi. Simu yangu ya zamani usiipige, iko mezani kwa Bi. Bridgit. Kiprop, dereva wenu wa gari la maziwa, ndiye anayekuletea barua hii, na anashusha maziwa Kilifi kila Jumanne na Ijumaa. Majibu mpe Jumanne, mkononi, yasikae kwenye dashibodi. Ukitaka kuja mwenyewe, shuka Mnarani, ukipita kanisa uifuate njia ya mchanga upande wa kushoto mpaka nyumba yenye lango la mabati ya kijani. Hapo anakaa rafiki yangu Hope, tuliyesoma naye, na mumewe. Ukipotea, muulize yeyote utakayemkuta njiani, lakini usiulizie Kadii wala karani wa Malindi, hawatakuelewa. Hope amenikaripia kwamba mtu anayejificha hajitangazi hivyo, lakini tangu nilipofika nimejitambulisha kwa jina la mama yetu kwa kila aliyeniuliza, na hilo ndilo jina wanalonijua hapa. Uliza anakokaa binti ya Jumwa, wa Jilore. Watakuleta mpaka mlangoni.

Ni mimi dada yako,
Kadii Lewa